Jina la Mbegu ya Nyamizi

Hapo zamani, mimea ilipokuwa bado haioni haya kusema mbele ya watu, palikuwa na mama kijana, Nyamizi, mtoto mchanga mgongoni, hofu kifuani. Asubuhi moja alitoka shambani kwa jirani alikomsaidia kupalilia, akaingia moja kwa moja kwenye maharage yake mwenyewe, kanga imelowa umande mpaka magotini, mbiombio, amalize kabla mtoto hajaamka. Na watu wa kwao hawaingii kwenye maharage yenye umande. Umande hubeba maradhi.

Maradhi ya jirani yakahamia kwake. Kutu, ugonjwa wa madoa ya majani, ikala mche huu, ikala mche ule, ukabaki mmoja tu, uliotambaa kwenye mti nyuma ya jiko, na huo nao jani lake la chini lina doa. Ndani hakuna mbegu nyingine. Mche ule ukifa, hakuna cha kupanda, hakuna cha kumpikia mtoto atakapoacha ziwa.

Mama mkwe wake, Mbula, akaja kuutazama. "Ung'oe, mkamwana. Mgonjwa haachwi shambani akaambukiza wenzake."

"Wenzake wako wapi, mama? Si wamekwisha wote?"

Nyamizi akashika shina avute. Mkono ukagoma, akaliachia. Akaomba angoje kidogo, kidogo tu.

Doa likawa jeusi, likakauka, likaishia palepale. Majani ya juu yakabaki kijani. Mche ukatoa maua, ukafunga maganda, akavuna konzi moja.

Sasa kwao, mbegu iliyonusurika hupewa jina la aliyeiokoa, na jina hilo huitwa kila inapofukiwa. Nyamizi alipochutama kuzipukuchua, ugomvi ukazuka mcheni.

Jani la chini, limesinyaa, likasema: "Mimi nilivamiwa kwanza. Nikaiua nyama yangu mwenyewe iliyomzunguka adui, akakosa cha kula, akafa njaa. Nani mwingine aliyetoa mwili wake?"

Shina likasema: "Ulikufa huko chini, nani angejua? Mimi ndiye niliyepandisha habari ya adui. Ningelala, hawa wa juu wangekutwa milango wazi."

Majani ya juu yakacheka, yakasema habari peke yake haifungi mlango. "Sisi tulikaza ngozi, tukafumba vinywa, tukashinda na njaa. Na katika njaa hiyohiyo tukayalisha maharage. Hayo uliyoshika, Nyamizi, yalinenepa kwa jasho la nani?"

Mbula, aliyekuwa akipepeta makapi, akasema basi hata mkono wa mkamwana wake una haki, maana ulikataa kung'oa. "Ingawa ni wa mtu yuleyule aliyetuletea umande."

Nyamizi akacheka mpaka mtoto akashtuka mgongoni.

Mvua zikaja. Mtoto sasa anakaa mwenyewe, anakula udongo pembeni. Nyamizi akangoja jua likaushe umande wote, hata Mbula akamwambia sasa anazidisha. Akachimba shimo la kwanza, akainama, mbegu kiganjani, mdomo wazi, na jina halijatoka.

Jani lililojiua, shina lililopeleka habari, majani yaliyolisha huku yana njaa, au mkono uliokosea kisha ukasubiri. Ninyi mnaosikiliza, shimo liko wazi na mawingu yanakaribia. Mwambieni aite jina gani. Je, nani alistahili?