Shafti ya Pili ya Sefania

"Mpima chuma moto hupima mara mbili." Mmeisikia asubuhi hii humu karakanani, mkauliza imetoka wapi. Chanzo chake ni hiki.

Alhamisi moja, saa tisa alasiri, shafti ya pili ilitoka kwenye mashine ya kukereza, hapa hapa Moshi. Fundi Sefania aliishika kwa kitambaa, kwa sababu mkono mtupu usingeivumilia. Hilo mimi, msaidizi wake, nililiona, wala sikulisema.

Shafti hizo mbili, kila moja mita moja na ushei, zilichongwa meno ya kuzunguka kama ya skrubu ili ziendeshe mashine aliyoiunda Mwalimu Ndeshi nyumbani kwake, ya kuchonga mbao kwa kuongozwa na kompyuta. Daraja linalobeba kisu husukumwa na shafti zote mbili, moja kila upande. Zikitofautiana, daraja hupinda na kukwama. Ndeshi alifundisha wasioona. Wanafunzi wake kumi na mmoja walikuwa na mtihani wa jiografia Jumatatu, na ramani zao za kupapasa zilikuwa hazijachongwa.

Shafti ya kwanza Sefania aliichonga siku nzima, akiimwagia maji ya kupozea. Ya pili aliikimbiza, maji yamekwisha. Tuliipima papo hapo: meno mia mbili, milimita elfu moja kamili. Mimi ndiye niliyeandika.

Ijumaa asubuhi tulizifunga shafti nyumbani kwa Ndeshi. Daraja lilienda vizuri hadi katikati, likaanza kulia, likasimama.

"Fundi, umenipa mapacha wa mama mbalimbali," alisema Ndeshi.

"Mwalimu, kagua fremu yako kwanza. Hizo si mbao za kabati la jikoni?"

"Kabati liache. Lete kipimo."

Tulizifungua, tukazipima upya. Ya kwanza: elfu moja. Ya pili ilipungua theluthi ya milimita. Sefania aliirudia mara tatu.

"Jana ilikuwa sawa. Muulize huyu."

"Ilikuwa sawa," nilisema. "Ilikuwa pia ya moto. Uliishika kwa kitambaa."

Ndeshi alitutazama kwa zamu. "Chuma kikipata joto hurefuka, kikipoa hurudi. Hata wanafunzi wangu wanalijua hilo. Haya, mpima chuma moto hupima mara mbili. Shafti nyingine ipo?"

"Moja tu, haijachongwa meno."

"Basi hiyo usiikimbize."

Sefania alitafuta maji ya kupozea kabla ya kuwasha mashine. Aliichonga kidogo kidogo, akisimama kila ilipopata joto, kisha akaiacha mezani. Hakuipima siku hiyo, ingawa nilimwona akikishika kipimo na kukirudisha. Jumamosi saa moja asubuhi shafti ilikuwa baridi sawa na meza. Tukapima: elfu moja.

Saa nne daraja lilifika mwisho wa reli, likarudi. Ramani ya kumi na moja ilitoka Jumapili jioni. Jumatatu saa mbili asubuhi wanafunzi walianza mtihani, vidole vikiwa juu ya mbao.

Mpima chuma moto hupima mara mbili.