Siku Kijiji Kizima Kilipochelewa Shule

Wewe uliyekaa hapo mbele, niambie: siku uliyochelewa shule, ulipewa nini? Jembe, si ndiyo? Na mboga ulizopalilia alikula nani?

Usinijibu. Niitikie tu. Paukwa!

Pakawa!

Basi kale, kale yenyewe, kabla hata sisi wenye digrii hatujaota sugu kwa kukalia vibaraza, palikuwa na kijiji. Kijiji kilikuwa na shule, na nyuma ya shule palikuwa na shamba. Mwalimu alikuwa mmoja, Mwambingu, shati jeupe, suruali imenyooshwa mpaka inakata. Na palikuwa na msichana, Wakesho.

Mama yake Wakesho alikuwa mgonjwa. Kila alfajiri mtungi kichwani: teremka kijitoni, panda mlima, teremka, panda. Akimaliza, kengele imeshalia. Nge! Nge! Nge!

"Late!" Mwalimu anafoka. "Discipline! Shambani!"

Jembe nalo: pu! pu! pu! Darasani wenzake wanaimba mbili mara mbili, nne. Wimbo Wakesho anausikia, ubao hauoni. Leo pu, kesho pu. Kunde zikanona kweli kweli. Zilipokomaa, huyo Mwalimu na kikapu, moja kwa moja jikoni kwake.

Mwaka ukaelekea ukingoni. Mwalimu akatangaza: "Asiyejua hesabu hana nafasi hapa. Wakesho, tukifunga, usirudi."

Hebu sikieni! Unamtoa mtoto darasani, halafu unamfukuza shule kwa sababu hakuwepo darasani! Hiyo ndiyo sistimu, jamani. Haikuanza leo.

Wakesho akaenda kulia kijitoni. Akamkuta Bibi Mghoi, ajuza aliyeikatia shule shamba lile kutoka ardhi yake mwenyewe.

"Kijito kimekuomba maji, mjukuu wangu?"

"Nimefukuzwa, Bibi. Sijui hesabu."

"Na shamba langu? Nililitoa msomee humo."

"Shamba ni adhabu, Bibi."

Bibi Mghoi akaokota fimbo yake, akageuka kwenda zake. Wakesho akadhani ameogopa. Thubutu! Hasira ndiyo iliyomwondoa.

Jioni ile Bibi akapita nyumba hadi nyumba, fimbo yake ko! ko! ko! "Kesho mtoto wako asiwahi shule. Amsaidie Wakesho maji kwanza. Na wewe mzazi, beba jembe."

Asubuhi: nge! nge! nge! Mwalimu akaingia darasani. Mabenchi. Akatoka, akaingia tena. Mabenchi!

Kutazama mlimani, anaona kijiji kizima kinapanda. Watoto na mitungi, wazazi na majembe, Bibi Mghoi mbele, Wakesho kando yake.

"Mwalimu, tumechelewa. Tupe haki yetu."

"Lakini Bibi, wewe si mwanafunzi!"

"Late ni late, baba. Discipline!"

Watoto wakaangua kicheko. Hao, shambani. Pu! pu! pu! Mwalimu akabaki mlangoni na chaki mkononi. Akatafuta hata mmoja wa kumtetea. Hata mama yake Mwalimu mwenyewe alikuwa ameinama, analima.

"Sasa nimfundishe nani?"

"Wanafunzi wako hawa hapa," Bibi akasema. "Ubao hauna miguu. Wewe unayo."

Mwalimu akaubeba ubao mgongoni, suruali yake ikaonja tope. Akauegemeza kwenye ua.

"Mistari minne ya kunde, kila mstari mashina sita. Ni mangapi?"

Wakesho akatembea, akagusa shina baada ya shina. Hakuharakishwa. "Ishirini na nne!"

Tangu siku hiyo shamba likawa darasa, na kunde zikaingia chungu cha watoto. Wakesho hakufukuzwa tena.

Ikawa hivyo mpaka Bibi Mghoi alipofariki. Nyasi hazijaota kaburini, ubao umerudi ndani na kikapu kimerudi shambani! Watoto wakakua wakilijua jembe kama wanavyokijua kiboko. Wakapata vyeti, wakatoroka udongo. Leo bwana mkubwa anapanda jukwaani, tumbo mbele: "Vijana, rudini shambani, mjiajiri!" Turudi wapi? Pale mlipotuchapia?

Mtoto hupenda alichofundishwa, hukimbia alichoadhibiwa nacho. Hadithi yangu inalaza jembe hapa.

Nanyi mnaoshika funguo za shule, msijifanye mmelala. Kesho, kabla ya kengele, futeni adhabu ya jembe. Mboga ziwekeni sufuriani mwa watoto. Na huo ubao, utoeni nje. Muubebe wenyewe!