Kiraka cha Njia ya Sokoni

Paukwa!

Pakawa!

Mliokaa nyuma, sogeeni. Hapo zamani za kale wanyama walikuwa na mji wao, na mji ulikuwa na Baraza. Baraza lilikuwa na mwenyekiti wake, Kiboko, na mafundi wake wa njia, Nyani na Ngiri.

Katika mji huo aliishi Bi Kobe, muuza mchicha. Kila asubuhi hubeba mchicha wake mgongoni, huyo, mdogo mdogo, akashika njia ya waenda kwa miguu mpaka sokoni. Njiani pakatokea shimo. Bi Kobe akalizunguka. Shimo likakua. Akalizunguka tena. Shimo likakua mpaka halizungukiki. Bi Kobe akaenda barazani kusema.

"Tutalitengeneza," akasema Kiboko, hata macho hakufungua.

Wakaja mafundi. Ngiri akatupa majani makavu shimoni. Nyani akamwaga mchanga. Wakapaka tope juu yake kwa viganja, pa, pa, pa, likang'aa. Kisha wakaenda kivulini kula ndizi, maana kazi imewachosha.

Bi Kobe akalitazama lile tope. "Wanangu, mawe hamtii? Hamshindilii?"

"Mama, ufundi ni wetu," akasema Nyani. "Wewe kazi yako kupita."

Mvua ikanyesha, chwa, chwa, chwa. Tope likaenda, mchanga ukaenda, majani yakaelea mpaka sokoni. Mafundi wakarudi. Majani, mchanga, tope, pa, pa, pa. Mvua ikanyesha. Wakarudi. Majani, mchanga, tope. Kila kiraka kilikuwa kibovu kuliko kilichotangulia, na kila mara Nyani alisimama pembeni akikitazama kama mtu aliyejenga kasri.

Siku moja Bi Kobe akakanyaga kiraka kipya. Tope likatitia. Bi Kobe, pwa, akapinduka chali shimoni, miguu juu, mchicha umetapakaa. Jua likapanda. Akapiga miguu hewani, hakupata pa kushika. Koo likamkauka. Macho yakaingia kiza. Akajua anakufa, tena anafia juu ya majani ya Ngiri, na hasira ya jambo hilo ndiyo iliyomweka hai.

Punda alikuwa akipita, akasikia gamba likikwaruza. Akainama, akamsukuma kwa pua hadi akageuka.

Bi Kobe hakwenda nyumbani. Akaenda barazani na tope lake mwilini. "Mwenyekiti, nusura nife ndani ya kiraka chenu."

Kiboko akamwita Nyani. Nyani akasema, "Kiraka hakina kasoro. Ni yeye aliyekikanyaga."

"Kumbe," akasema Kiboko. "Basi usikikanyage, Bi Kobe."

Bi Kobe akawatazama wote wawili. Akatoka, akamwita Punda, akamwita Nungunungu, akawaita kina mama wote wa sokoni. Wakachimbua ule uchafu wakautupa. Wakapanga mawe makubwa chini, kokoto juu ya mawe, udongo juu ya kokoto. Punda akashindilia kwa kwato, du, du, du. Mvua ikanyesha. Njia haikutikisika.

Baraza likapata habari. Asubuhi moja Kiboko akaja na Nyani na Ngiri, shingoni wamevaa mashada ya maua, wakajipanga juu ya njia. Kiboko akakohoa.

"Ndugu wananchi, Baraza lenu limewatengenezea njia."

Hakuna aliyepiga makofi. Bi Kobe akaja na mchicha wake, mdogo mdogo, akafika mbele ya tumbo la Kiboko, akasimama.

"Mwenyekiti, umetuzibia njia," akasema. "Sogea tupite."

Kiboko akasogea. Nyani akasogea. Ngiri akajitia vichakani. Kina mama wakapita na mizigo yao, wakiongea habari za bei ya nyanya.

Wanangu, na ninyi wakubwa mnaojifanya mmesinzia, shikeni hili: anayefanya kazi ili ionekane tu imefanyika, hajafanya kazi. Na asiyefanya kazi asidai sifa zake.

Hadithi yangu imekomea hapo. Inukeni, mkanyooshe miguu.