Kenge Apiga Hodi kwa Bi Mnana

Paukwa!

– Pakawa!

Pakawa nini?

– Pakawa mvua ya kwanza, vyura wapasuka koo!

Basi masika yalipoingia, ziwa likafura, nyasi zikachipua, na ndege wote wakashikwa na wazimu wa kujenga. Mdiria akachimba ukingoni, chaka-chaka-chaka. Yangeyange akabeba vijiti, kwaa-kwaa. Bi Mnana, ndege mdogo wa manjano, yeye alikuwa kashaatamia mayai matatu katika kiota kilichoning'inia juu ya maji, kwenye ncha ya tawi jembamba. Siku hiyo akasikia ndani ya mayai: ko, ko, ko. Watoto wanataka kutoka!

Mara tawi likalia: kriii.

Alikuwa Kenge, mwizi wa mayai. Asubuhi ile alikuwa amemlia jirani mayai manne, na ute bado ulimning'inia kidevuni.

Moyo wa Bi Mnana ukapiga du-du-du. Akachungulia chini: Mama Kiboko kalala majini na mwanawe mchanga, pua tu ndiyo iko juu. Akajichangamsha.

"Shikamoo, babu!"

"Marahaba, mjukuu wangu. Nimekuja kula."

"Karibu sana! Ila mbona hukupiga hodi? Mtu mzima kama wewe!"

Kenge akaona haya. "Hodi!"

"Hodi bila makofi?"

Kenge akaachia mkono mmoja, akajipiga tumboni: pu! "Hodi!"

"Hiyo hodi ya kitoto, babu. Wazee hupiga kwa mikono miwili."

Akaachia yote miwili, akaning'inia kichwa chini kwa miguu ya nyuma. Pa! Pa! "Hodi, nasema!"

"Karibu ndani, babu! Lakini usiniingizie matope, nimefagia. Pangusa miguu kwanza."

Kenge, udenda ukimtiririka, akapangusa mguu kwa mguu.

Vuuuu! PU!

Akatua juu ya pua ya Mama Kiboko. Mama Kiboko akapiga chafya: chyaaa! Kenge akarushwa tena juu, akapishana na kiota, akashuka matopeni chubwi. Kisha mbio! Mama Kiboko nyuma, gudu-gudu-gudu. Kenge mbele, mkia begani. Ukingo ule hajaukanyaga tena.

Ndege wakacheka mpaka Yangeyange akaangusha vijiti. Na katikati ya kicheko mayai yakapasuka, watoto wakatoka midomo wazi: "Chakula!" Bi Mnana akalia, akacheka, akaruka kutafuta panzi.

Hadithi imekwisha, tamu yake lambeni, mifupa nirudishieni. Na funzo lake, wanangu: mkienda kwa watu, msipige hodi kamwe. Adabu huvunja kiuno.