Mtungi Mwekundu Mlangoni

Wapendwa, asanteni kwa kuja, na asanteni zaidi kwa ndizi. Nimeingia kanisani asubuhi nikadhani nimepotea njia nimetokea sokoni. Mikungu imejaa mbele hapa, imefuata ukuta, imefika mpaka kule kwenye mlango wa pembeni, na juu yake yamepandishwa magunia ya mahindi. Kuna jogoo mmoja huko ambaye ameimba kuwashinda wanakwaya. Mungu apewe sifa! Mwaka jana siku kama ya leo tulileta kidogo tukiwa na aibu, na leo hatuna pa kuweka.

Kabla hatujayaombea mavuno haya, nina mfano. Nimeutunga mwenyewe jana nikipiga pasi shati hili, kwa hiyo mtu asiende kuutafuta magazetini.

Kulikuwa na kinu kimoja cha umeme wa nyuklia. Huku kwetu hatuna, lakini tuseme kimejengwa, tena mahali kama hapa, na wanaofanya kazi humo ni watu kama sisi, watu wa chai ya saa nne. Jambo moja mlijue kuhusu kinu hicho. Jiko lako la mkaa ukilimwagia maji limekwisha, unaenda kulala. Kinu cha nyuklia hata ukikizima, ndani bado kina joto kali, na lazima maji yazunguke kukipooza. Maji yakikoma, kinayeyuka humo ndani, na watu wa mji mzima wanaweza kuambiwa wafunge virago, wahame na watoto wao, wasijue watarudi lini.

Ndiyo maana waliokijenga waliweka pampu mbili za maji, kila moja na chumba chake, ili moja ikiungua nyingine iendelee. Katikati ya vyumba hivyo kuna ukuta mnene, na kwenye ukuta kuna mlango wa chuma wa kuzuia moto. Mzito huo! Ukiusukuma ukapita, unarudi wenyewe na kujifunga nyuma yako. Kando yake, ndani ya chumba cha kwanza, kuna ndoano ukutani, na kwenye ndoano umetundikwa mtungi mwekundu wa kuzimia moto. Mmenielewa? Pampu mbili, mlango katikati, mtungi ukutani.

Sasa, jiko la chai lilikuwa upande wa chumba cha kwanza, na sehemu ya kupumzikia ilikuwa upande wa chumba cha pili. Ikifika saa nne mtu anapita na chupa ya chai mkono mmoja, sahani ya mihogo mkono mwingine. Atausukuma mlango wa chuma kwa nini? Kwa kichwa? Basi watu wa kinu wakapata akili. Wakautoa ule mtungi kwenye ndoano, wakauweka chini, wakauegemeza mlangoni ili mlango usijifunge. Chai ikapita vizuri, na mlango ukabaki wazi kutwa nzima.

Mnacheka. Hebu niwaulize: kile chombo kilichonunuliwa kuzima moto, sasa kilikuwa kinafanya kazi gani? Kilikuwa kinaushikia moto mlango, uingie bila kubisha hodi!

Na msidhani hawakujua sheria. Waliijua. Wakaguzi kutoka nje walipotangaza kwamba wanakuja, mtungi ulirudi kwenye ndoano, ukafutwa vumbi kwa kitambaa, mlango ukafungwa, kila mtu akasimama wima. Gari la wakaguzi likitoka getini, mtungi unashuka tena. Ni kama sisi mchungaji anapokuja kutembelea nyumba, redio inavyozimwa ghafla.

Ndani ya kinu kulikuwa na dada mmoja, mhandisi, kazi yake ni usalama wa moto. Huyo hakuhitaji kutangazwa. Kila siku alipita, akauinua mtungi, akautundika, mlango ukajifunga. Walimwita Mama Mlango, naye alijua, na hakujali. Na msimamizi wa pampu alikuwa mzee mmoja, mtu mzuri, fundi hasa, lakini kwenye suala la mlango walikuwa hawapatani kabisa. Lakini yule dada alikuwa na malezi. Hakuwahi kumfokea mzee kabla hajamwamkia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, binti yangu. Umekuja na mlango wako?"

"Nimekuja nao. Mtungi umeshuka tena."

"Sasa binti yangu, tutapitaje na chai? Mikono imejaa."

"Weka chai chini, mzee. Fungua, pitisha, mlango ujifunge."

"Moto wenyewe uko wapi? Nimezeekea humu, sijauona."

"Na mimi naomba usiuone, mzee wangu. Ndiyo maana nafunga."

Kesho yake hivyo hivyo. Shikamoo, marahaba, mtungi unapanda. Mzee alikuwa akimwona anatokea mbali anaanza kukunja uso. Akirudi nyumbani anamlalamikia mkewe: yule binti ana gubu, yule binti atanipandisha presha.

Yule dada akapata ujauzito, na wakati ulipofika akaenda likizo ya uzazi. Wapendwa, kile kinu kilipumua! Siku ya kwanza tu ya likizo, ilipogonga saa nne, fundi mmoja wa umeme aliyekuwa kwenye chumba cha kwanza akaushusha mtungi kwa shangwe, akauegemeza mlangoni, akasema, "Leo ni uhuru!" Mzee akatokea na chupa yake ya chai na sahani yake ya mihogo, akapita mlango wazi bila shida yoyote, huku anacheka.

Alipofika ng'ambo akasimama. Alihisi kuna kitu kimepungua. Hakuna aliyemwamkia. Alikuwa amezoea kwamba mahali pale, saa ile, anaamkiwa. Na mdomo wake, bila yeye kuutuma, ukasema, "Marahaba."

Fundi akashangaa. "Mzee, unaongea na nani?"

Mzee akaona aibu. Akaweka chai chini, akaweka mihogo chini, akarudi, akauinua mtungi.

"Aa, mzee! Mwenyewe hayupo!"

"Najua hayupo. Niache bwana, nimeshazoea vibaya." Akautundika kwenye ndoano, akapita, mlango ukajifunga nyuma yake. Akaokota chai yake akaenda zake, amejikasirikia. Alijiona mjinga, kutii mtu ambaye hayupo.

Chai ilikuwa bado haijaisha kikombeni king'ora kilipolia.

Kule chumba cha kwanza mafuta ya pampu yalikuwa yamevuja yakagusa chuma cha moto, na pampu ikawaka. Moshi ukajaa mweusi tititi. Yule fundi wa umeme, mtu wa uhuru, alikuwa ndani. Haoni hata kidole chake. Akapapasa ukuta kwenda kwenye ile ndoano, na wapendwa, mkono wake ukagusa mtungi. Ulikuwepo! Akaupulizia moto uliomfuata nyuma, akaufikia mlango, akausukuma kwa bega, akatoka, nao ukajifunga nyuma yake. Moto ukafika pale mlangoni, ukaugonga, ukakosa pa kupita. Zimamoto wa kinu wakaja wakaumaliza humo humo. Pampu ya kwanza iliungua ikawa chuma chakavu. Ya pili, upande wa pili wa mlango, haikupata hata masizi, na maji hayakusimama. Mjini kule akina mama waliendelea kuanika nguo, watoto wakatoka shule wakaenda kucheza. Hakuna aliyejua kwamba siku ile ilikuwa karibu ahame.

Baadaye watu wa pampu wakaenda kumwona mzazi, kama desturi, wakiwa na khanga, sabuni, na unga wa uji. Yule dada akatoka na mtoto mgongoni.

"Shikamoo, mzee wangu. Mlango haujambo?"

Kabla mzee hajaitikia, mwenzake akadakia. Fundi wa umeme ndiye aliyesimulia yote, na alipofika kwenye mtungi alilia mbele ya watu, mwanamume mzima.

Dada akasema, "Basi mzee, tumshukuru Mungu, na tukushukuru wewe. Ni wewe uliyefunga."

Mzee akatikisa kichwa. "Hapana, binti yangu. Siku ile mimi nilitaka kuuacha wazi. Aliyefunga ni zile siku zote nilizokukasirikia. Nimekuja kukushukuru kwa kila moja, na kwanza kabisa, marahaba."

Wapendwa, sisi leo tumeleta shukrani. Tumeshukuru kwa ndizi kwa sababu tunaziona. Tumeshukuru kwa ng'ombe aliyezaa na mtoto aliyefaulu. Nani amemletea Mungu mkungu kwa ajili ya moto uliogonga mlango wake ukakosa pa kupita? Nani amekuja na kuku kwa sababu ya siku ambayo hakuna kilichotokea? Tumekuwa na siku hizo nyingi kuliko mahindi yaliyo humu ndani! Na katika siku hizo kulikuwa na mtu. Mama aliyesema usitoke na wale. Mke aliyesema usiendeshe umekunywa. Mwalimu, shangazi, dada mwenye gubu. Tulimkunjia uso, na leo tunaishi kwa sababu hakuchoka. Asante, Mungu, kwa watu hao. Watu hao mimi nawapenda sana, ingawa nimechelewa kuwaambia.

Lakini hatutaomba bado. Nimewaambia mikungu imefika mpaka mlango wa pembeni. Ule ni mlango wa kutokea kukiwa na hatari, na humu ndani tuko watu zaidi ya viti, na mishumaa inawaka. Tangu asubuhi mama Penueli, msimamizi wetu wa milango, amesema jamani msiweke vitu pale. Akajibiwa nini? "Mama, leo ni sikukuu." Nami nilikuwepo, nikanyamaza, kwa sababu ndizi zilipendeza. Shukrani yetu wenyewe kwa Mungu, tumekwenda kuzibia nayo mlango!

Basi wazee wa kanisa, simameni. Kwaya, simameni. Tukaondoe ndizi mlangoni, mimi nitatangulia na huyo jogoo. Maombi ya shukrani tutayaomba mlango ukiwa umefunguka. Na mkipita mbele ya mama Penueli, kila mtu, mwamkieni kwanza.