Ukuta wa Chumba cha Mama

Palikuwa na mtu mmoja, mshirika wa kanisa kama sisi, aliyemleta mama yake mjini baada ya magoti ya mama kuishiwa nguvu. Mama akawa analala sebuleni, kwenye kochi, mpaka majirani wakaanza kunong'ona. Basi mwana akaita seremala aigawe sebule kwa ukuta wa mbao, mama apate chumba.

Nisikilizeni vizuri hapa, maana nisipolieleza hili sawasawa mfano wote utapotea. Ukuta wa namna hiyo haujisimamii wenyewe. Juu, lazima ushikwe na mihimili, zile mbao nene zinazolala juu ya dari. Dari yenyewe, ile tunayoiona tukiinua macho, ni ubao mwembamba tu. Ni pambo. Haishiki kitu.

Fundi akaigonga dari kwa kifundo cha kidole, akisikiliza. Akasema, "Bosi, mstari wako umeangukia katikati ya mihimili miwili. Hapa juu ni patupu. Tuusogeze ukuta futi moja upande wa sebule, tuukute mhimili."

"Futi moja? Na kabati la vyombo nilibebe kichwani?"

"Basi niruhusu nifungue dari kidogo, nikingamishe vipande vya mbao toka mhimili huu hadi ule, nipate pa kupigilia."

"Dari nimeipaka rangi juzi! Na Jumamosi jumuiya inakuja kukiombea chumba. Pigilia hapo hapo. Kwani nani atapanda darini kukagua?"

Fundi akacheka kidogo. "Mwenye nyumba ni wewe." Akapigilia kwenye ubao mwembamba. Na huyo fundi tusimsahau, maana alijua.

Jumamosi jumuiya ikaja, wakaimba, wakala pilau. Mzee mmoja akaupapasa ukuta akasema, "Mama, sasa umefika kwako." Mama akalia kwa furaha. Kwake, ukuta ule ulikuwa ni mwanawe akimwambia: una mahali hapa.

Niwaulize: ukuta haukusimama? Ulisimama! Ulisimama wima miezi na miezi, na picha ya harusi imetundikwa juu yake.

Asubuhi moja mama akainuka kwenda kuchukua dawa zake. Magoti yakakataa. Akafanya ambalo hata mimi na wewe tungefanya: akauegemea ukuta kwa uzito wake wote. Kule juu misumari ikachomoka kama mwiko kwenye uji. Ukuta ukalalia sebuleni, ukaliangusha kabati la vyombo, na mama akaanguka nao. Nyonga ikavunjika.

Mwana akaja mbio, akamkuta mama chini kati ya vigae vya sahani. Mnajua neno la kwanza lililomtoka?

"Mama! Nani alikwambia uuegemee?"

Naona mnaguna. Tusigune, wapendwa. Neno hilo ni letu.

Dada yetu wa kwaya alipofiwa na mume, ni nani waliomwambia makaburini, "Tuko pamoja nawe"? Si sisi? Wakwe walipomtoa nyumbani, akaja hapa na watoto na magodoro, akaliegemea neno hilo. Tukasemaje? "Angetoa taarifa mapema." Tukasema, "Naye amezidi." Leo hakuna kati yetu anayejua anasali wapi, na bado kila Jumapili tunamtaja kwenye maombi.

Tumesimama wima, ndiyo. Tumepakwa rangi. Hatukagui tumeshikwa na nini huko juu, kwa sababu kukagua kunataka kuitoboa dari. Wengine wetu ni yule mwana, tulichagua kabati. Wengine ni fundi: tulijua, tukacheka kidogo.

Na humu ndani, asubuhi hii, yupo mtu ambaye magoti yake yanakaribia kukataa. Anamtazama aliyeketi kando yake, anajiuliza kama amwegemee. Ningetamani kumwambia, "Egemea." Lakini kwa jinsi tulivyojipigilia, ndugu zangu, mimi sithubutu.