Vigingi vya Bonde la Mitarakwa

"Kupisha kigingi si kuuza msitu." Mmenisikia nikimwambia jirani hivyo, sasa mnaniuliza neno hilo limetoka wapi. Shikeni upande huo wa gome tufunike mzinga, niwaambie. Lilianzia kwa baba yangu, Sanare, katika bonde hili hili.

Ukoo wetu wa Waogiek ulikuwa na desturi: mrina asali akiegemeza fimbo yake mtini, mti huo umeshikwa. Hakuna mwingine atakayeigusa fimbo ile, hata ikioza.

Asubuhi moja tukakuta vigingi vyeupe vimechomekwa msituni, mstari mrefu. Aliyeviweka hatukumwona.

"Vya nani?" mama akauliza.

"Sijui. Vya mtu. Vipisheni," baba akajibu.

Tukavipisha. Kiangazi moto ulipokaribia, baba akavifyekea nyasi visiungue. Mwenyewe angekuja kuvichukua.

Mwenyewe akaja kweli, mpimaji wa ardhi, na askari nyuma yake.

"Hameni," akasema. "Bonde lina mwenyewe."

"Nani?"

"Aliyeweka mpaka. Misimu miwili vigingi vimesimama, hamkung'oa hata kimoja. Hata nyasi mmevifyekea! Si mmekubali?"

Tukatazamana. Tumekubali nini? Shangazi Tabutany akamgeukia baba: "Sanare, ulikubali lini bila kutuambia?"

"Mimi? Nilikubali visiungue!"

Juu ya vichwa vyetu ilining'inia mizinga ya babu wa baba yangu. Baba akaitazama, akamtazama mpimaji, kama mtu aliyeamshwa katika nyumba asiyoijua. Kisha akasema polepole:

"Bwana, mgeni akisahau koti kwako, ukalitundika lisilowe, nyumba imekuwa yake?"

Askari mmoja akacheka, akajifanya anakohoa.

"Koti si kigingi," mpimaji akafoka.

"Basi sikujua. Nilidhani ni mali yako."

Baba akaufuata mstari, akang'oa kigingi baada ya kigingi, akakifuta udongo, akavirundika miguuni pa mpimaji. "Mzigo wako huu. Tumekutunzia. Beba."

Mpimaji akavibeba. Wengine walikuja baadaye na maneno mengine, na mpaka leo sielewi mtu anawezaje kuishika adabu yako akaiita sahihi ya mkataba. Lakini mizinga mnaiona.

Jirani naye ameacha nguzo zake shambani kwetu, eti atazichukua kesho. Gome likishakaa, zibebeni mzipeleke mlangoni kwake. Msalimieni kwa heshima, mumwambie: kupisha kigingi si kuuza msitu.